Basi Lilicheka Mara Moja

Basi la usiku la Arua haliondoki kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na kila anayesafiri kutoka Arua Park, kituo cha mabasi cha Kampala, analijua hilo. Tulikuwa tumeshakaa. Watoto wamelala juu ya mabegi, wachuuzi wanapita na maji, mayai ya kuchemsha na chaja za simu, konda anagombana na mtu kuhusu nauli ya godoro. Kijana aliyekaa mbele yangu akafungua TikTok, sauti juu kabisa, kama ilivyo desturi ya watu wanaoamini sote tumetamani kusikia simu zao.

Video ya kwanza: jamaa aliyevaa bereti nyekundu ya wapinzani anawasema watu wa Magharibi mwa Uganda. Ng'ombe wao, vyeo vyao serikalini, jinsi wanavyotamka maneno. Ana kipaji, sitamnyima haki yake. Basi zima likacheka. Mama aliyekaa kando yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Nami nilicheka.

Kijana akasogeza kidole. Jamaa yule yule, bereti ile ile, pazia lile lile nyuma yake. Safari hii zamu ilikuwa yetu, watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Watu wa Idi Amin. Askari wa getini. Watu wasiojua kitu ila bunduki na Kiswahili cha kambini.

Kimya.

"Zima hiyo kitu," mzee mmoja akasema kutoka viti vya nyuma. Kijana akazima, akajifanya analala.

Matusi yenyewe hayakunisumbua. Mtu wa West Nile aliyeishi Kampala ameyasikia hayo sokoni, kwenye taksi na hata harusini. Kilichonikaa rohoni wiki zote hizi ni ile nafasi ndogo kati ya video mbili. Kwa muda wa dakika moja tulikuwa kambi moja na jamaa yule, tukifurahi pamoja naye kama ndugu. Halafu tukatolewa nje bila yeye kubadilisha hata sauti.

## Suti ya njano

Wasomaji wa Arua hawahitaji kuelezwa Ibrahim Abiriga alikuwa nani. Suti ya njano, viatu vya njano, gari la njano. Mbunge wa manispaa yetu aliipenda rangi ya chama chake, NRM kinachotawala, kuliko chama chenyewe kilivyoipenda. Mwaka 2017 alipopigwa picha akikojoa ukutani karibu na Wizara ya Fedha, akafikishwa mahakamani na kutozwa faini ya shilingi 40,000, nchi nzima ilicheka. Sisi wa kwao tulicheka pia, kwa aibu kidogo.

Lakini huo ulikuwa msimu mbaya. Kikomo cha umri wa rais kilikuwa kinaondolewa kwenye Katiba. Wanausalama waliingia ndani ya ukumbi wa Bunge wakawatoa wabunge kwa nguvu. Kila mbunge akapewa shilingi milioni 29, eti za kwenda kushauriana na wananchi. Waliopinga walifunga tepe nyekundu vichwani. Tarehe 20 Desemba 2017 kura zikapigwa: 317 kwa 97. Abiriga alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi upande wa njano.

Juni 8, 2018 alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake Matugga, yeye na ndugu yake aliyekuwa mlinzi wake.

Watu walishangilia mitandaoni. Si wote, lakini walitosha kumfanya mtu aweke simu chini atoke nje. Waliandika vicheko. Walipongezana. Wengine niliwajua: waalimu, wauguzi, mtu mmoja anayeimba kwaya. Wangeona kuku amegongwa na gari barabarani wangesikitika.

Nimejaribu kuwaelewa, na jambo linalonitatiza ni kwamba hasira yao ilikuwa na sababu. Katiba ilikuwa imechezewa kweli. Wabunge walikuwa wamepigwa kweli. Zile milioni 29 ziliingia mifukoni mwa watu wenye majina, kwa uamuzi wa watu wenye majina. Ila hasira ile ilikuwa imevishwa rangi, na mtu mmoja alikuwa ameivaa rangi hiyo kutoka kichwani mpaka miguuni. Akawa yeye ndiye njano yote.

Miezi miwili baadaye tulifanya uchaguzi mdogo wa kumrithi. Agosti 13, Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa mbunge wa upinzani, akauawa kwa risasi hapa hapa Arua. Wabunge na wafuasi wakakamatwa, wakateswa. Bobi Wine alipoonekana akitembea kwa magongo, walikuwapo wa njano waliosema anaigiza, na wakacheka kicheko kile kile nilichokisikia mwezi Juni.

Arua ikamchagua Kassiano Wadri, mgombea huru, akiwa kizuizini.

Mwaka uliofuata bereti nyekundu, alama ya wafuasi wa Bobi Wine, ikatangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa vazi la jeshi, na raia akionekana nayo anaweza kushtakiwa. Fikiria. Serikali yenye vifaru ikakaa chini kutunga kanuni kuhusu kofia.

## Mjomba na sabuni

Nilimpigia simu mjomba wangu nikamsimulia habari ya basi. Yeye ana umri wa kuikumbuka vizuri 1972, mwaka Amin alipowafukuza Wahindi. Alikuwa kijana, anafanya kazi ya kubeba mizigo kwenye ghala Kampala.

"Tulicheza barabarani," akaniambia. "Wewe unadhani tulikuwa wabaya?"

Sidhani. Wakoloni walikuwa wamepanga mambo kwa namna ambayo Mwafrika analima pamba lakini mashine ya kuchambua pamba ni ya mwingine, duka ni la mwingine, leseni ni ya mwingine. Baganda waligomea maduka ya Wahindi tangu 1959, miaka mingi kabla Amin hajashika madaraka. Kinyongo kile hakikuzuliwa na mtu. Amin, mtoto wa Koboko, mtu wetu, alikikuta kimeiva akakipa siku 90 na jina zuri: vita vya uchumi.

Kisha maduka yakaenda kwa wanajeshi na rafiki zao, wale ambao Kampala nzima iliwaita mafuta mingi. Wengi hawakujua hata bei ya kununulia bidhaa walizokuta rafuni. Sukari ikapotea, viwanda vya Kakira na Lugazi vikaanguka, magendo yakawa ndiyo biashara yenyewe.

"Mwenye duka alifukuzwa Novemba," mjomba akasema. "Mimi mpaka anaondoka Amin sikupata duka. Nilipata foleni ya sabuni."

Halafu kinyongo kikageuka. Baada ya Amin kuangushwa 1979, aliyetoka West Nile akawa ndiye Amin. Haijalishi kama ulikuwa mlinzi wa ghala au mkulima wa muhogo. Mjomba alivuka mpaka kuingia Zaire mwaka 1980 na sufuria moja na mtoto mgongoni. Juni 1981, watu waliokimbilia misheni ya Ombaci wakauawa humo humo na wanajeshi wa serikali mpya. Wanajeshi hao nao walikuwa na wafu wao wa kulilia, waliouawa miaka ya Amin. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kila aliyefyatua risasi Ombaci angeweza kukueleza, tena kwa ukweli, alichofanyiwa.

Na Kiswahili kikabeba sehemu ya lawama. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na mpaka leo, hata baada ya Katiba kurekebishwa 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili, hata baada ya Baraza la Mawaziri kuagiza mwaka 2022 kifundishwe shuleni, ninapoongea Kiswahili kwenye simu ndani ya taksi ya Kawempe, hapo Kampala, kuna mtu atavuta mkoba wake karibu. Nimezoea. Simlaumu sana, labda baba yake alipigwa na mtu aliyetoa amri kwa lugha hii.

## Msitu ulipona

Sasa nije mahali ninapokwama.

Aprili 2007 serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi karibu hekta 7,100 za msitu wa Mabira, kama robo ya msitu wote. Watu wa rika zote waliandamana Kampala. Kuna watu walioshika matawi ya miti ambao hawakuwahi kuandamana maishani. Hasira ile ilikuwa safi: msitu ni wetu, vyanzo vya maji ni vyetu, hakuna aliyetuuliza.

Wenye kampuni ni ukoo wa Mehta, wenye asili ya India. Kufika mchana maandamano yalikuwa yamekwisha kuwa kitu kingine. Maduka ya Wahindi yalishambuliwa. Wengine walijificha hekaluni mpaka polisi walipokwenda kuwatoa. Mhindi mmoja aliyekuwa akipita zake na pikipiki alipigwa mawe mpaka akafa. Hakuwa na hisa Lugazi. Hakuwa ametia saini karatasi yoyote ya msitu. Waliotia saini walikuwa ofisini, na mawe hayakuwafikia.

Oktoba mwaka huo serikali ikaachana na mpango. Ulipofufuliwa 2011 ukakutana na makelele mengine. Leo ukipita barabara ya Jinja, ukasimama Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma, ukaendelea mbele, kivuli cha Mabira kinakuangukia barabarani kwa kilomita nyingi. Kipo.

Basi niseme nini? Nikisema hasira ni mbaya, pale pangekuwa na miwa. Nikisema ni nzuri, nimwambie nani katika familia ya yule mtu wa pikipiki?

Nimelizungusha swali hili wiki kadhaa na sijapata jibu la kunilaza usingizi. Nilichopata ni kuona mkono unavyofanya kazi. Uamuzi wa msitu ulikuwa na wenyewe. Ungeweza kuwataja, ungeweza kuwafuata Bungeni, wangelazimika kujibu. Mahali fulani kati ya asubuhi na mchana, uamuzi ule uliacha kuwa wa watu fulani ukawa wa Wahindi. Na Wahindi wote kwa jumla hawana mdomo mmoja wa kujibia. Ndiyo maana wanasiasa wanapenda kutukabidhi adui wa aina hiyo: hawezi kujitetea, hawezi kujiuzulu, na hatakwisha.

## Machi 2023

Mwanzoni mwa 2023 Uganda ilikuwa inazungumzia mabati. Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu maskini wa Karamoja yalikuwa yameonekana juu ya mabanda na nyumba za wakubwa. Ilikuwa kashfa rahisi kueleweka, maana bati unaliona. Kufikia Aprili mawaziri watatu walikuwa wamefikishwa kortini.

Katikati ya msimu huo huo, tarehe 21 Machi, Bunge likapitisha Muswada dhidi ya Ushoga. Uliletwa na mbunge wa upinzani, Asuman Basalirwa wa Manispaa ya Bugiri, na ukashangiliwa na chama tawala. Njano na nyekundu, watu wasiokubaliana hata kuhusu saa ya kikao kuanza, siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Waliopinga waziwazi hawakujaza kiti cha taksi. Rais alitia saini mwezi Mei. Agosti, Benki ya Dunia ikasimamisha mikopo mipya, na hapo kambi zote zikapata zawadi ya pili: sasa tunapigania uhuru dhidi ya Wazungu.

Sisemi muswada uliletwa ili kufunika mabati. Sina ushahidi, na wanaoamini jambo lile kwa dhati ni wengi, pamoja na jirani zangu, mashehe na wachungaji ninaowaheshimu. Ninasema tu nilichokiona: mazungumzo ya mabati yalihitaji majina, hesabu na stakabadhi. Yale mengine yalihitaji moto wa moyo tu, na moto ulikuwepo tele.

Nilikuwa napanga Kawempe wakati huo, nyumba za chumba kimoja kimoja zilizotazamana. Chumba cha mwisho walikaa vijana wawili wa stejini ya boda, wakigawana kodi. Mama mwenye nyumba alikuwa amewahi kuwakopesha mkaa. Baada ya sheria kupita alisikia redioni kwamba mwenye nyumba anaweza kufungwa, akawaita nje ya geti, akawaambia watafute pengine kabla ya mwisho wa wiki. Hakupiga kelele. Alikuwa anatetemeka kuliko wao.

"Mama, sisi tunagawana kodi tu," mmoja akamwambia.

"Najua, mwanangu. Lakini mimi nina watoto."

Walipakia godoro, jiko la mkaa na redio kwenye boda mbili. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria isimame, lakini ikafuta vifungu vilivyomtia hatiani mwenye nyumba na vilivyomlazimisha jirani kuripoti. Chumba kile kilikuwa kimeshapangishwa kwa fundi cherehani.

## Yule tunayemtukana yuko wapi

Enzi za bimeeza, mijadala ya redio mbele ya watu, Jumamosi, watu walikaa kwenye viti vya plastiki Club Obligatto na kubishana siasa hewani moja kwa moja kupitia Radio One. CBS, redio ya Buganda, walikuwa na mjadala wao, Mambo Baado. Nisije nikapamba: kulikuwa na walevi, waongo, na watu waliolipwa nauli na vyama waje kupiga makofi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho TikTok haina. Ukiwatukana watu wa Kaskazini, mtu wa Kaskazini alikuwa meza ya pili, ana soda yake mkononi, na ni zamu yake inayofuata.

Septemba 2009, Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga na ghasia zikaua watu, serikali ikapiga marufuku bimeeza. Sababu iliyotolewa ni uchochezi.

Uchochezi haukupungua. Ulihama tu, ukaenda mahali ambapo anayetukanwa hayupo. Facebook ilifungiwa Januari 2021 na bado tuliingia kwa VPN. Na soko lina bei zake. Julai 2024 kijana wa miaka 24 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok za kumtusi rais na familia yake. Ukitusi kabila zima unapata wafuasi, na wafuasi wakizidi unaalikwa kwenye kampeni. Mtu yeyote mwenye akili ataangalia bei hizo mbili na kuchagua biashara.

Kwa hiyo yule jamaa wa bereti sidhani anatuchukia. Hilo ndilo lililonichukua muda kulikubali. Anatuhitaji. Jumatatu anawahitaji watu wa Mbarara wawe chambo chetu, Jumanne anatuhitaji sisi tuwe chambo cha Masaka. Wenzake wa njano wanafanya vile vile kwa lugha ya adabu zaidi: kila uchaguzi tunakumbushwa vita vya Luweero, tunakumbushwa Amin, tunaulizwa kama tunataka "wale" warudi. Wale ni sisi. Mimi ni mtu wa kura ya upinzani na nitabaki hapo, lakini siwezi tena kusikia upande wangu ukiimba kuhusu watu wa Magharibi nikajiambia ni utani wa kampeni.

## Mjomba hakubali

Mjomba hakubali hata nusu ya haya. Anasema vijana tuliosoma tunapenda kuwaambia maskini watulize hasira, na kwamba bila hasira Arua ingekuwa bado gizani. Kuhusu umeme sina la kumbishia. Miaka mingi mji wetu uliishi kwa saa chache za stima kwa siku, vinyozi wakinyoa nusu kichwa, samaki wakiozea kwenye friji. Watu walitoka barabarani, wakachoma matairi, wakaacha kuogopa. Hatimaye nguzo za gridi ya taifa zikafika.

Nikamuuliza: siku mlipofunga barabara, duka la nani lilichomwa?

"Hakuna."

"Mngeweza. Wenye maduka wengi si watu wa hapa."

"Wenye maduka walikuwa nasi barabarani," akasema. "Na wao friji zao zilikuwa zimezima."

Nikamwambia hapo ndipo ninapotaka tufike. Akasema mimi nataka kufika kila mahali kwa maneno. Siku ile, anasema, hapakuwa na mwanasiasa wa kuwaambia adui ni nani, kwa sababu walichelewa. Mpaka wanatoka Kampala, watu walikuwa wameshasimama mbele ya ofisi ya umeme, kila mmoja na bili yake mkononi. Wanasiasa walipofika walikuta hotuba imekwisha, wakapiga picha wakaondoka. Mmoja alijaribu kuwalaumu wakimbizi wa Sudan Kusini kwamba ndio wanaomaliza stima. Mama mmoja muuza samaki akamwonyesha bili yake, akamwuliza mkimbizi yuko mstari wa ngapi.

"Akajibu nini?"

"Atajibu nini? Akaingia kwenye gari." Mjomba akakohoa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nina elfu ishirini hapo kwenye simu. Yuniti zake zilikuwa zimebaki za kufika jioni tu.